Anarquía si Fujo Kila Mara: Hotuba kwa Wafasiri na Wahariri wa Habari

Waheshimiwa wahariri, wafasiri wenzetu, walimu na wanafunzi wa lugha, salaam aleikum na habari za asubuhi.

Tuna neno moja tu mezani leo, na hata hiyo meza tumeipata kwa Wareno. Walipokaa pwani hii walituachia meza, bendera, leso, kasha na gereza, ambalo kwao lilikuwa igreja, yaani kanisa. Namna kanisa lilivyogeuka kuwa jela ni hotuba ya siku nyingine. Neno la leo hawakutuachia. Kwa Kireno ni anarquia, kwa Kihispania anarquía, na kila linapotua kwenye chumba cha habari mkono wa mfasiri huenda wenyewe kwenye "machafuko". Mara nyingi mkono huo hupatia. Kuna siku lakini neno hilo ni jina la itikadi, na mkono huo hukigeuza chama cha wafanyakazi chenye kanuni, kadi za uanachama na gazeti lake la kila siku kuwa genge la wahuni, na msomaji hana njia ya kugundua.

Tuanze na umbo, maana ndilo linalokosewa kwanza.

Asili ni Kigiriki. Kipande an- hukanusha, kama "bila" yetu. Arkhē ni utawala, na vilevile ni mwanzo wa jambo. Arkhōn ni mtawala. Anarkhia basi ni hali ya kutokuwa na mtawala. Waathene walilitumia pia kwa maana finyu, karibu ya kimasijala. Mwaka wao uliitwa kwa jina la arkhoni aliyeshika zamu. Mwaka wa 404 hadi 403 kabla ya Kristo, arkhoni alikuwa amewekwa na Wale Thelathini, kikundi cha watawala wa kimabavu. Waathene walikataa kumtambua, wakauita mwaka ule anarkhia. Damu ilimwagika sana mwaka huo, lakini neno lenyewe halikuihesabu damu. Lilisema tu kwamba kiti kilikuwa kitupu.

Kilatini cha zama za kati kikaliandika anarchia, nalo likaingia Rasi ya Iberia kwa mlango huo. Leo Kihispania, pamoja na Kigalisia na Kiasturia, lugha mbili za kaskazini mwa Uhispania, huandika anarquía, yenye alama juu ya i. Kireno na Kikatalani, lugha ya Barcelona, huandika anarquia, bila alama. Kibaski, ambacho hakina undugu wowote na Kilatini, kimelikopa na kulivalisha herufi zake: anarkia.

Hiyo qu isiwatishe. Katika lugha hizi zilizotoka kwenye Kilatini, c ikikutana na i haitoi sauti ya k, kwa hiyo k huandikwa qu, na u huwa bubu. Anayesoma "anarkwia" amekosea kote. Zamani sauti hiyo iliandikwa ch kwa heshima ya Kilatini. Kihispania kiliachana na ch hiyo mwanzoni mwa karne ya 19; Ureno iliifuta katika marekebisho ya tahajia ya 1911, na Brazil haikufuata mara moja. Ndiyo maana katika magazeti ya São Paulo ya miaka ya 1910 na 1920 bado mnakutana na anarchia na anarchista. Anayetafuta habari za mgomo mkuu wa São Paulo wa 1917 kwa tahajia ya leo peke yake atarudi na kapu nusu tupu.

Sasa alama. Hapa ndipo wahariri wengi husema "weka tu, au ondoa tu, nani atajua?" Atajua kila msomaji wa Kihispania. Kihispania huchukulia kwamba i iliyo jirani na a huyeyuka ndani yake, zikawa silabi moja: historia ni his-to-ria, familia ni fa-mi-lia. Pale ambapo i inakataa kuyeyuka na inabeba mkazo, sheria inataka itiwe alama: a-nar-quí-a, silabi nne. Ukiiondoa alama umemwamuru msomaji aseme a-NAR-kya. Kireno na Kikatalani vimepanga kinyume chake. Kwao i kabla ya a ya mwisho huchukuliwa kuwa imesimama peke yake na ina mkazo, hivyo anarquia haihitaji kitu. Zinazopata alama ni zile ambazo mkazo wake uko mbele zaidi, kama história na família za Kireno, au història na família za Kikatalani. Ukitaka kukumbuka: Kihispania huitia alama anarquía na kuiacha historia, Kireno huitia alama história na kuiacha anarquia. Mtu aliyeshika jozi hiyo hachanganyi tena, na pia amepata monarquía (ufalme), oligarquía (utawala wa wachache) na jerarquía (ngazi za madaraka) bila malipo ya ziada.

Kigalisia kinahitaji tahadhari ya peke yake. Tahajia yake rasmi inafuata njia ya Kihispania katika jambo hili, lakini lipo kundi la waandishi wanaotaka Kigalisia kisogee karibu na Kireno, nao huandika anarquia bila alama kwa makusudi. Mkikuta andiko la Kigalisia lenye umbo hilo, tazameni kwanza maneno mengine ya ukurasa. Kama yote yamefuata mkondo wa Kireno, kukosekana kwa alama ni msimamo wa mwandishi, na mhariri hana ruhusa ya kuusahihisha.

Kwa wasomaji wa redio habari ni njema. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo wa neno hili huko huko: a-nar-KI-a. Mtangazaji wa Kiswahili hulipatia bila hata kuiona alama. Barcelona hulegeza irabu zisizo na mkazo mpaka zinasikika kama mnong'ono, Lisbon nao hufanya jambo la jamaa hiyo, na watu wa Rio de Janeiro huifanya r ifanane na h. Msiige. Tamko la wazi linaeleweka kote huko.

Kuna kosa jingine la darasani ambalo limeingia hadi kwenye vichwa vya habari. Mwanafunzi wa Kihispania hufundishwa kwamba nomino ya kike inayoanza na a huchukua el badala ya la, mfano el agua. Anakwenda kuandika "el anarquía". Sheria ile inahusu a yenye mkazo peke yake. Katika agua mkazo uko mwanzoni. Katika anarquía uko karibu na mwisho, kwa hiyo ni la anarquía. Kireno na Kigalisia husema a, na Kikatalani na Kiasturia hukikata kibainishi, yaani hilo neno dogo la mbele, kikabaki l': l'anarquia, l'anarquía. Kibaski hubandika kibainishi -a mwishoni mwa nomino, na hapo mjanja mmoja daima hutokea akaikata a ya anarkia akidhani ni kibainishi, akatuletea "anarki" kama umbo la msingi. A hiyo ni mali ya neno. "Anakia fulani", kwa umbo la Kiswahili tutakalolipendekeza mwishoni, ni anarkia bat, na a bado ipo.

Na neno likikatwa mwisho wa mstari? Likateni anar-quía. Msiiache a ya mwisho ishuke mstari wa chini peke yake, wala a ya kwanza isibaki juu peke yake.

Umbo limetosha. Maana ndiyo kazi.

Kamusi ya Akademia ya Kihispania inalipa neno hili maana tatu: kwanza, kutokuwepo kwa mamlaka ya umma; pili, mvurugiko, mambo yasiyoshikana, kelele na vurumai; na tatu, ile itikadi inayoitwa pia anarquismo. Yaani kiti kitupu, nyumba iliyovurugika, na watu wanaosema kwamba nyumba inaweza kuendeshwa vizuri bila kile kiti. Kiswahili hakina neno moja linalobeba mizigo yote mitatu, na sidhani tunalihitaji. Tunachohitaji ni kujua kila mara ni mzigo upi.

Tazameni kwanza kitenzi na maneno yanayoongozana nalo. Reina la anarquía (anarquía inatawala), caer en la anarquía (kutumbukia humo), al borde de la anarquía (ukingoni mwake): hapo ni mvurugiko. Ile ya kwanza, kwa neno kwa neno, inasema kukosekana kwa mtawala ndiko kunakotawala. Wahispania wenyewe hawaisikii tena kejeli hiyo, na ninyi msijaribu kuifasiri. Neno likiongozana na ideal, federación, propaganda, grupo au ateneo (klabu ya utamaduni ya wafanyakazi), mko ndani ya itikadi. Likiwa kwenye ¡Viva la Anarquía! hakuna mjadala, kwa kuwa hakuna anayepiga kelele kuitakia fujo maisha marefu. Barua inayomalizikia kwa Salud y anarquía ni barua ya mwenzi kwa mwenzi. Kumwandikia msomaji "Afya na machafuko" ni kichekesho ambacho mwandishi wa barua hakukikusudia.

Kisha tazameni mwaka. Aliyekuwa wa kwanza kujiita mwana wa anarkhia kwa fahari ni Mfaransa Proudhon, mwaka 1840. Kabla ya hapo, andiko lolote la Kihispania au Kireno lenye neno hili lina maana ya kwanza au ya pili. Simón Bolívar, mkombozi wa Amerika Kusini, aliandika neno anarquía mara nyingi, na daima alikuwa akilalamika. Mtu asije akamfanya Bolívar kuwa mtangulizi wa itikadi ambayo haikuwa imezaliwa.

Katika Uhispania kwenyewe mwaka wa kushika ni 1868. Malkia Isabel II alikuwa ameng'olewa, milango imefunguka, na Bakunin, Mrusi aliyeieneza itikadi hii, akamtuma Mtaliano Giuseppe Fanelli kwenda Barcelona na Madrid. Fanelli hakujua Kihispania. Alizungumza Kiitaliano na Kifaransa mbele ya wafanyakazi, wengi wao wapiga chapa, na mmoja wao, Anselmo Lorenzo, baadaye aliandika jinsi walivyomwelewa kwa macho, sauti na mikono. Itikadi ambayo ingekuwa na wafuasi wengi Uhispania kuliko nchi nyingine yoyote ya Ulaya iliingia kupitia mtu aliyekosa mfasiri. Nasi tuko hapa tunabishana juu ya alama ya i!

Juni 1870 wafanyakazi walikutana Barcelona wakaunda shirikisho lao la tawi la Kihispania la Umoja wa Kimataifa wa Wafanyakazi. Neno anarquía bado lilikuwa fimbo mikononi mwa maadui. Mwaka 1873, Jamhuri ya Kwanza ilipotikisika na Cartagena ikajitangazia utawala wake, magazeti ya kihafidhina yaliona anarquía kila kona, wakati waliokuwa Cartagena walikuwa wapenda shirikisho, jambo tofauti kabisa. Kwa hiyo andiko la 1873 likisema anarquía, ulizeni nani anasema. Ikiwa ni mpinzani, ni tusi. Lifasirini kama tusi.

Wenyewe walilisafisha neno polepole, na baadhi yao waliona ni rahisi zaidi kutafuta jipya. Wakachonga acracia, kutoka a- ya kukanusha na kratos, nguvu ya kutawala. Jarida lenye jina hilo, Acracia, lilitoka Barcelona kuanzia 1886 hadi 1888. Mwaka 1889 Fernando Tarrida del Mármol akaja na maneno anarquismo sin adjetivos, yaani anakia isiyo na vivumishi, kwa sababu wenzake walikuwa wameanza kugombana kama mali baada ya mapinduzi iwe ya kila kikundi kwa kadiri ya kazi yake au iwe ya wote kwa kadiri ya haja zao. Watu wa itikadi moja kugombana juu ya vivumishi! Mfasiri anapaswa kuwapenda watu hawa.

Halafu likaja bomu la ukumbi wa opera wa Liceu, Barcelona, Novemba 1893, na dola ikaliandika neno kwenye sheria. Uhispania ilitunga sheria dhidi ya anarquistas mwaka 1894 na tena 1896. Ureno ilitunga yake tarehe 13 Februari 1896, na chini yake watu walisafirishwa hadi Timor. Tangu hapo neno lina maana ya nne ambayo kamusi hazina: kosa la jinai. Katika hati za polisi na mahakama za miaka ile, anarquista ni shtaka. Huenda mtu mwenyewe hakuwahi kujiita hivyo, na fasiri nzuri huandika "aliyeshtakiwa kuwa anarquista".

Huko Meksiko, Ricardo Flores Magón alifanya hesabu yake. Chama chake kiliitwa cha Kiliberali, na katika barua ya 1908 aliwaeleza wenzake sababu: wangejiita anarquistas tangu mwanzo, hakuna ambaye angewasikiliza ila wachache. Hapa mfasiri anayefuata jina la chama peke yake atamweka mtu huyu upande usio wake.

Jambo la jina liliendelea hata kwenye vyama vikubwa. Confederación Nacional del Trabajo, CNT, iliyoundwa Barcelona mwaka 1910, haina neno anarquía popote katika jina lake. Ni Shirikisho la Kitaifa la Kazi. Ndiyo iliyoongoza mgomo wa kampuni ya umeme iliyojulikana kama La Canadiense mwaka 1919, siku 44, ambao baada yake amri ya serikali ya tarehe 3 Aprili ilikubali siku ya kazi ya saa 8. Neno lenyewe lilionekana katika jina la shirika mwaka 1927, Valencia, ilipoundwa Federación Anarquista Ibérica, FAI. Zingatieni Ibérica: walitaka Wareno wawemo, ambao nao walikuwa na shirikisho lao la kazi na gazeti A Batalha lililoanza 1919. Anayeandika "Shirikisho la Anakia la Uhispania" ameifuta Ureno kwa kalamu moja.

Na sasa jaribio ambalo "machafuko" haliwezi kulipita. Novemba 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimefika mlangoni mwa Madrid, CNT iliingia serikalini kwa mawaziri wanne: Juan García Oliver wa sheria, Joan Peiró wa viwanda, Juan López wa biashara, na Federica Montseny wa afya, mwanamke wa kwanza kuwa waziri Uhispania. Kwa Kihispania ni ministra anarquista. Fasirini hilo kwa "waziri wa machafuko" muone kama kipindi kitasomwa bila mtangazaji kucheka. Na mkisema "waziri wa anakia" mnapata mgongano halisi uliowaumiza watu wale: wapinga serikali ndani ya serikali. Uchungu wa historia hiyo uko kwenye neno. Likifasiriwa vibaya hauonekani.

Tuingie kwa ndugu za neno, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Anarquista ni mfuasi wa itikadi, au kitu cha itikadi. Anárquico kwa kawaida ni kitu kisicho na mpangilio. Crecimiento anárquico de la ciudad ni mji unaokua kiholela, nyumba zikiota kabla ya barabara. Tunalo neno "kiholela", na hakuna sababu ya kutafuta jingine. Kireno kina anárquico, Kikatalani anàrquic, na tabia ni ileile. Brazil mitaani anarquia ni vurumai ya kawaida tu, watoto waliogeuza sebule juu chini, na kitenzi anarquizar kinaweza kuwa kuvuruga au hata kumdhihaki mtu. Mama wa Kibrazil akiwaambia wanawe waache anarquia, hajasoma Bakunin.

Ácrata ni mwana wa acracia, na ni neno lenye harufu ya vitabu. Linafaa pia kumtaja mtu mwenye moyo usiopenda kuamriwa. Mkazo uko kwenye a ya kwanza, kwa hiyo mtu aliyeishika ile sheria ya agua atataka kuandika el ácrata hata kwa mwanamke. Hapana: jina linalotumika kwa jinsia zote mbili bila kubadilika hulinda kibainishi ili jinsia ionekane. Mwanamke ni la ácrata.

Libertario ndilo shimo kubwa. Katika Uhispania ya 1936, comunismo libertario, ambao CNT iliujadili na kuupitisha katika mkutano wake wa Zaragoza mwezi Mei mwaka huo, ni jamii ya mali ya pamoja isiyo na dola. Katika Argentina ya leo, libertario ni mfuasi wa Javier Milei, aliyechaguliwa rais mwaka 2023, na maana yake ni soko lisiloguswa na serikali. Neno moja, tahajia moja, watu ambao wasingeketi chumba kimoja. Nchi na mwaka ndivyo vinavyoamua. Na kuna wajomba wa neno hilo ambao huwaponza wanaoanza: libertador ni mkombozi, kama Bolívar, liberto ni mtumwa aliyeachiwa huru, libertino ni mtu wa anasa na uasherati. Ukomunisti wa mkombozi, ukomunisti wa watumwa walioachiwa na ukomunisti wa waasherati ni vitu vitatu ambavyo mkutano wa Zaragoza haukupitisha.

Kiambishi anarco- hushikamana na neno linalofuata bila kistari katika Kihispania: anarcosindicalismo, yaani anakia ya vyama vya wafanyakazi. Kireno cha tahajia ya sasa nacho hushikamanisha, ila huongeza s: anarcossindicalismo, kwa sababu s moja katikati ya irabu mbili hutamkwa z. Kikatalani hubaki na s moja, anarcosindicalisme. Kibaski ni anarkosindikalismo. Programu ya kukagua tahajia iliyowekwa lugha isiyo yake itawasahihishia s hiyo kimyakimya, kwa hiyo badilisheni lugha ya aya kabla ya kubandika.

Mtego mwingine ni herufi kubwa. Wapo wanaofundisha kwamba Anarquía yenye A kubwa ni itikadi. Ni kweli katika magazeti ya wafuasi, lakini historia ina vipindi vilivyobatizwa jina hilo. Anarquía del Año XX ni Argentina mwaka 1820, baada ya vita vya Cepeda, serikali kuu ilipovunjika. Tarehe 20 Juni mwaka huo Buenos Aires huikumbuka kama siku ya magavana watatu. Anarquía militar ya Peru ni miaka ya 1841 hadi 1845, majenerali wakipokonyana urais. La Anarquía katika kitabu cha historia ya Uingereza ni vita vya Stephen na Matilda waliogombea kiti cha ufalme, 1135 hadi 1153. Na anarquía de Samarra ni mambo ya makhalifa wa Bani Abbas, 861 hadi 870, askari walinzi walipokuwa wakiweka na kuua makhalifa. Vipindi vyote vinne ni "machafuko" au "vurugu" kwa Kiswahili, na pale ambapo jambo kuu ni kiti kuwa kitupu, "ombwe la utawala" linakaa vizuri.

Kwa itikadi tunashauri "anakia", na wafuasi "wafuasi wa anakia". R imedondoka kwa sababu Kiswahili hakipendi silabi iishie kwa r. Mnajua wapo wanaotumia "utawala huria". Tunaliheshimu jaribio hilo lakini hatulikubali, kwa sababu mbili. Linaanza na neno "utawala", kitu chenyewe ambacho wenye itikadi wanakikataa. Na "huria" masikioni mwetu imekwisha kuolewa na "soko huria". Msomaji anayeisikia anaelekea Buenos Aires ya Milei wakati habari inahusu Barcelona ya 1936. Ikibidi kulieleza neno mara ya kwanza, sentensi moja yatosha: "anakia, itikadi inayotaka jamii ijiendeshe kwa vyama vya hiari bila dola". Kisha endeleeni.

Nimalizie kwa kompyuta, kwa kuwa kazi nzuri nyingi hufia humo. Kwenye simu, bonyezeni i na kuishikilia mpaka í itokee. Kwenye Windows, shikilieni Alt mkiandika 0237 kwenye kibodi ya tarakimu ya pembeni. Herufi kubwa Í ni 0205. Kichwa cha habari cha herufi kubwa tupu bado kinataka alama, ANARQUÍA. Imani kwamba herufi kubwa husamehewa haina msingi katika Kihispania, ingawa kuta za miji zimejaa watu waliosamehe. Katika kutafuta nyaraka, tafuteni kwa umbo lenye alama, lisilo na alama, na lenye ch, maana mashine zilizosoma magazeti ya zamani hazikubaliani.

Kosa linaloonekana zaidi ni lile la neno kufika likiwa "anarquÃa". Faili liliandikwa kwa UTF-8, mpangilio wa kompyuta wa kuhifadhi herufi, ambamo í ni baiti mbili, C3 na AD, likafunguliwa kwa mpangilio wa zamani wa herufi za Kilatini. C3 ikajitokeza kama Ã. AD katika mpangilio huo ni kistari laini cha kukatia maneno, ambacho hakionekani kwenye skrini. Mhariri mwenye haraka hufuta Ã na kuandika í, neno likapendeza machoni, lakini kile kistari kisichoonekana kimebaki katikati ya í na a, na tangu hapo hakuna atakayelipata neno hilo kwa kulitafuta. Msilirekebishe kwa mkono. Lifungeni faili, mlifungue upya kwa UTF-8, na mpitie ukurasa wote, kwa sababu kila í iliyomo imepatwa na yaleyale.